Maua ya porini kwenye udongo wa chaki: miaka miwili ya kupanda, nimevuna nyasi tu

MwanaMuheza aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na habari zenu wengine wote.

Ninaishi pembezoni mwa mji wa Lewes, Sussex Mashariki, kusini mwa Uingereza, na nyuma ya nyumba yetu kuna kipande cha ardhi cha takriban mita za mraba 60 ambacho hupata jua tangu asubuhi hadi jioni. Ukichimba kina cha urefu wa kiganja unakutana na chaki, yaani mawe meupe laini yanayoacha unga mikononi, yakiwa yamechanganyika na gumegume nyeusi. Mvua inyeshe siku nzima, kesho yake udongo umekauka. Nilipoudondoshea siki ulitoa povu papo hapo, na birika letu la chai hushika ukoko mweupe kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo sina shaka kwamba tunaishi juu ya chokaa, kama walivyo jamaa zangu wa upande wa Amboni.

Mwendo mfupi kutoka nyumbani kuna mteremko wa Malling Down, na kila mwaka kati ya Mei na Agosti mteremko huo hujaa maua madogo ya njano, zambarau na buluu, pamoja na vipepeo wa buluu ambao sijawahi kuwaona mahali pengine. Nilitamani nipate japo kionjo cha mandhari hayo nyumbani. Mwaka juzi mwezi wa Aprili nililima sehemu yote kwa jembe kama nilivyofundishwa na marehemu babu, nikachanganya magunia manane ya mboji na samadi ya farasi niliyopewa bure na jirani, kisha nikatawanya sanduku moja la mbegu lililoandikwa kuwa ni mchanganyiko wa maua ya porini. Kiangazi cha kwanza kilinifurahisha sana, kwa sababu popi nyekundu na maua ya buluu vilijaa kila mahali. Mwaka uliofuata hapakuwa na popi hata moja. Zilikuja nyasi zilizonifika kiunoni, miiba, na mimea ile inayowasha kama upupu.

Nilinunua pia pakiti mbili za mbegu za aina moja moja. Katika ile ya Anthyllis vulneraria iliota miche mitatu tu, na katika ile ya Primula veris haukuota hata mmoja. Je, kosa ni la mbegu, la udongo au la mkono wangu? Nianze upya vipi, na je, naruhusiwa kwenda kuchuma mbegu kule mlimani?

MzeeKitalu alijibu:

Marahaba, mwanangu. Mbegu zina sehemu yao ya lawama, na nitazirudia, lakini kosa kubwa ni samadi ya farasi, na nakuambia hivyo bila kukucheka kwa sababu mimi mwenyewe nilifanya vivyo hivyo nilipohamia Hampshire. Sisi tuliolelewa shambani tumefundishwa kwamba ardhi inayotoa mazao ni ardhi iliyolishwa. Maua ya nyanda za chaki yanafuata kanuni iliyo kinyume kabisa cha hiyo, na usipoikubali kanuni hiyo moyoni, kila utakalofanya baadaye litakuwa kazi bure.

Chaki ni mabaki ya viumbe vidogo mno vya baharini vilivyozama na kurundikana katika kipindi cha Kretasia, na karibu yote ni kabonati ya kalisiamu. Udongo unaokaa juu yake ni mwembamba, hupitisha maji haraka, na pH yake, yaani kipimo cha uchachu wa udongo ambapo zaidi ya 7 ni alkali, kwa kawaida huwa kati ya 7.5 na 8.3. Katika hali hiyo fosforasi hushikwa na kalisiamu kiasi kwamba mizizi haiipati kwa urahisi, na naitrojeni huwa chache. Nyasi kubwa zenye tamaa, zile ambazo zikipata chakula hupanda juu na kuwatilia wengine kivuli, hapo hushindwa kutamba. Kila mmea unabaki mdogo, kila mmea unapata jua, na ndiyo maana katika malisho ya zamani ya chaki unaweza kuhesabu hata spishi 40 za mimea ndani ya mita moja ya mraba. Utajiri wa maua kule Malling Down unatokana na umaskini wa udongo pamoja na karne nyingi za kondoo kula na kuondoka na walichokula.

Kama unadhani natia chumvi, liko jaribio la Park Grass huko Rothamsted, Hertfordshire, lililoanza mwaka 1856 na linaendelea mpaka leo. Waliligawa shamba moja la nyasi katika vipande, vingine vikapewa mbolea na vingine vikaachwa bila kitu. Vipande visivyopewa kitu bado vina spishi zinazokaribia 40, ilhali vile vilivyojazwa mbolea ya amonia bila chokaa vimebakiwa na spishi mbili au tatu za nyasi. Wewe kwa magunia yako manane umejijengea Park Grass yako mwenyewe, upande usioutaka.

Nikija kwenye sanduku la mbegu, popi na yale maua ya buluu, ambayo bila shaka ni Centaurea cyanus, ni mimea ya mashamba ya nafaka. Huishi mwaka mmoja, na mbegu zake huhitaji udongo uliotifuliwa upya ndipo ziote, kwa hiyo kutoweka kwake mwaka wa pili hakukuwa ajali bali ndiyo tabia yake. Wauzaji wengi huyaita maua ya porini, na kwa kweli ni ya porini, lakini si ya nyanda za nyasi. Nakushauri usinunue tena mchanganyiko wowote usioorodhesha spishi kwa majina ya Kilatini. Nitayatumia majina hayo humu kwa sababu ndiyo yanayoandikwa kwenye pakiti, na hayatofautiani kati ya muuzaji mmoja na mwingine.

Ukitaka ushauri wangu, bandua udongo wa juu. Chukua sepeto, ondoa sentimita 10 hadi 15 za juu pamoja na mizizi yote ya nyasi na samadi iliyomo, mpaka uione chaki ikianza kuchungulia, kisha usiongeze chochote. Watu huogopa kwamba hakuna kitakachoota kwenye weupe ule. Barabara mpya ya kuingia Weymouth, kule Dorset, ilipofunguliwa mwaka 2011, kingo zake ziliachwa na chaki karibu tupu na kupandwa mbegu za maua ya porini. Leo ni moja ya sehemu zinazotajwa sana na wapenzi wa vipepeo, na kipepeo mdogo wa buluu, Cupido minimus, ambaye viwavi wake hula Anthyllis vulneraria peke yake, alijileta mwenyewe. Kazi ya kukata nyasi kando ya barabara hiyo ni ndogo, kwa sababu hakuna cha maana cha kukata.

Panda kati ya mwisho wa Agosti na katikati ya Oktoba. Aprili ni mwezi mbaya kwenye chaki, kwa kuwa miche huwa bado michanga ukame wa Juni unapoikuta. Ukichanganya maua na nyasi za asili zisizo na tamaa, kama Festuca ovina, Briza media na Cynosurus cristatus, kwa uwiano wa sehemu tano za uzito ambapo nyasi ni nne na maua ni moja, tumia gramu 4 kwa mita ya mraba. Ukipanda maua matupu, gramu 1 inatosha. Najua inaonekana kama dharau kwa ardhi. Changanya na mchanga mkavu ili uweze kuzitawanya sawasawa, gawa mafungu mawili, moja ulitawanye ukienda kaskazini kusini na jingine ukienda mashariki magharibi. Usizifukie. Nyingi ni ndogo na zinahitaji mwanga, kinachotakiwa ni zigandamane na udongo tu.

MtotoWaShinyanga alijibu:

Mzee amesema yote ya msingi, lakini kuna mmea mmoja ambao hakuutaja, na ambao mimi ulinichukua miaka mitatu kuuamini. Unaitwa Rhinanthus minor. Una maua madogo ya njano, na mbegu zake zikikomaa hulialia ndani ya vifuko vyake vikavu, ukipita katikati yake mwezi wa Julai unasikia kama mtu anatikisa kayamba kwa mbali.

Rhinanthus ni kimelea nusu. Unayo majani mabichi na unajitengenezea chakula, lakini mizizi yake hujipachika kwenye mizizi ya nyasi na kufyonza maji na madini. Waingereza huupanda kwa makusudi kwenye malisho yaliyozidiwa na nyasi ili udhoofishe nyasi na kuacha nafasi kwa maua. Niliposoma hivyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwa maana sisi tuliokulia Shinyanga tumeng'oa kiduha kwenye mtama tangu tukiwa watoto wa shule ya msingi, na hakuna mzazi ambaye angekuelewa ukimwambia kuwa unanunua mbegu zake. Basi Rhinanthus na kiduha ni ndugu wa familia moja, Orobanchaceae, na kazi yao chini ya ardhi ni ile ile.

Nilichelewa kuuamini kwa sababu ya hofu kwamba ungenishinda. Hapo ndipo ndugu hawa wawili wanapotofautiana. Kiduha kimoja hutoa makumi elfu ya mbegu ndogo kama vumbi, nazo hulala ardhini miaka kumi na zaidi zikisubiri harufu ya mzizi wa mtama au mahindi. Rhinanthus huishi mwaka mmoja, mbegu zake ni kubwa na chache, na haziwezi kukaa ardhini zaidi ya mwaka mmoja au miwili bila kufa. Ukiukata kabla haujadondosha mbegu, mwaka unaofuata hauonekani tena.

Udhaifu huo huo ndio unaowaangusha wapandaji. Mara ya kwanza nilipanda mwezi wa Machi, haukuota hata mmoja, kwa sababu mbegu zinahitaji miezi kadhaa ya baridi na unyevu kabla ya kuamka. Mara ya pili nilipanda vuli, lakini mbegu zilikuwa za mwaka uliotangulia, zilizobaki kwenye droo ya jikoni, na zilikuwa zimeshakufa. Mara ya tatu nilinunua zilizovunwa kiangazi kile kile, nikakata nyasi mpaka chini kabisa, nikapitisha reki kwa nguvu hadi karibu nusu ya ardhi ikabaki wazi, na nikatawanya nusu gramu hadi gramu moja kwa mita ya mraba mwezi wa Oktoba. Mwezi wa Machi miche ilijitokeza, na kufikia Juni nyasi zilikuwa zimeshuka kutoka kiunoni hadi magotini.

Kwa MwanaMuheza, nadhani huuhitaji pale utakapobandua udongo mpaka kwenye chaki, maana hapatakuwa na nyasi za kutosha za kuushikilia. Utakufaa kwenye sehemu utakazoshindwa kubandua.

MwanaMuheza aliandika:

Nawashukuru sana, na habari ya kiduha nimemsimulia mama kwa simu, naye amekataa katakata kuamini.

Nimepiga hesabu. Mita za mraba 60 mara sentimita 10 ni mita za ujazo 6 za udongo, ambazo ni tani saba na ushee, nami nina toroli moja na mgongo mmoja. Je, hakuna njia nyingine? Halafu bado sijaelewa ilikuwaje mbegu za pakiti nazo zikakataa, maana zile nilizipanda kwenye trei, si kwenye samadi.

BintiMbegu alijibu:

Nitaanza na trei, dada au kaka, kwa kuwa hilo ndilo ninaloshughulika nalo kila msimu. Mbegu za mimea hii hazikukataa, zilikuwa zimelala, na kila ukoo una usingizi wake.

Primula veris huhitaji baridi. Porini mbegu zake hudondoka mwezi wa Julai au Agosti, zikapitiwa na majira yote ya baridi, kisha zikaota mwezi wa Machi au Aprili. Ukizipanda Aprili ndani ya nyumba yenye joto, zinaona kwamba majira ya baridi bado hayajafika, na zitaendelea kusubiri. Njia rahisi ni kuzipanda vuli kwenye trei na kuiacha nje ukutani upande wa kaskazini, ukiifunika kwa wavu ili ndege na panya wasifukue. Njia ya pili ni kuzichanganya na mchanga wenye unyevunyevu, ukazitia kwenye mfuko, na kuziweka kwenye friji, si kwenye sehemu ya kugandisha, kwa wiki sita hadi nane kabla ya kuzipanda. Kama hukuitupa trei ile ya mwaka juzi, itazame vizuri mwakani, kwa sababu nimewahi kuona miche ya Primula ikijitokeza kwenye trei niliyokuwa nimeikatia tamaa.

Anthyllis vulneraria, Lotus corniculatus na Hippocrepis comosa ni za jamii ya kunde, na shida yao ni ganda gumu lisilopitisha maji. Chukua vipande viwili vya msasa laini, weka mbegu katikati, sugua taratibu mpaka ganda lipoteze mng'ao wake, kisha ziloweke usiku kucha. Zile zilizovimba asubuhi ziko tayari, na zisizovimba zirudishe kwenye msasa. Usizisugue zote kama unapanda nje, kwa maana ganda hilo ni akiba ya mmea, likihakikisha kwamba mbegu zote haziamki mwaka mmoja na kuuawa na ukame mmoja. Helianthemum nummularium si wa jamii ya kunde lakini ganda lake linahitaji msasa vile vile.

Zipo zisizo na masharti. Centaurea scabiosa, Scabiosa columbaria, Knautia arvensis, Sanguisorba minor, Leontodon hispidus na Galium verum hupandwa vuli zikiwa mbichi na nyingi huota bila kubembelezwa. Origanum vulgare, ambayo ni ile ile oregano ya jikoni, na Thymus polytrichus, jamaa wa zaatari, zina mbegu ndogo mno, hivyo zipandwe juu kabisa ya udongo bila kufunikwa. Udongo wa trei uwe mchanga mwingi na mboji kidogo isiyo na mbolea iliyoongezwa, na kama unavyo vipande vidogo vya chaki kutoka bustanini, vichanganye humo.

Kwa Hippocrepis comosa nitakuwa mkweli zaidi, kwa sababu ndiyo chakula pekee cha viwavi wa wale vipepeo wa buluu iliyokolea unaowaona Malling Down, na kila mtu huanza kwa kuitamani. Mbegu zake ni ghali na kuishika kwake ardhini ukiitawanya ni kwa kusuasua. Otesha miche kumi kwenye vikopo vyenye kina kirefu, uipeleke nje ikiwa na mizizi iliyoshiba. Maua ya okidi usiyaguse kabisa. Mbegu zake ni vumbi lisilo na akiba yoyote ya chakula, na haziwezi kukua bila kuvu maalumu ardhini. Zikija zitakuja zenyewe kwa upepo baada ya miaka.

Kuhusu kuchuma mlimani, jibu langu ni usichume. Sheria ya mwaka 1981 ya kulinda wanyamapori na mashamba inakataza kung'oa mmea wowote wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi, na ingawa mbegu chache si sawa na kung'oa, mteremko ule ni eneo linalolindwa kwa thamani yake ya kisayansi, kwa hiyo ruhusa ya mwenye ardhi peke yake haitoshi. Tafuta wauzaji wanaotaja kaunti ambako mbegu zao zilivunwa. Jambo hilo lina uzito, kwa sababu mbegu za bei rahisi mara nyingi hutoka kwenye aina zilizokuzwa Ulaya bara kwa ajili ya chakula cha mifugo. Nimewahi kupanda Sanguisorba na Lotus za namna hiyo, zikawa kubwa na nene kuliko zile za mlimani na kuwasonga wenzake. Ukipata nafasi, tembelea Wakehurst, ambako ni hapo hapo Sussex, penye Benki ya Mbegu ya Milenia iliyofunguliwa mwaka 2000. Mbegu nyingi za mimea ya nchi hii zimehifadhiwa pale.

MkataNyasi alijibu:

Namheshimu sana Mzee, lakini sikubaliani naye kwamba lazima ardhi ibanduliwe. Mimi niko karibu na Winchester, udongo wangu unaifunika chaki kwa sentimita 30, na kubandua kwangu kungekuwa kuchimba bwawa. Nilichofanya ni kukata na kuondoa, kukata na kuondoa, kwa miaka mitano. Kila tita la nyasi linalotoka bustanini linatoka na naitrojeni, fosforasi na potasiamu iliyokuwa ndani yake, kama vile kondoo walivyokuwa wakifanya. Mwaka wa pili nilipanda Rhinanthus, mwaka wa tatu nikaanza kuingiza miche niliyootesha kwenye trei, sita hadi tisa ya aina moja pamoja ili vipepeo na nyuki waione. Leo nina spishi 23, na nilianza na nne.

Kosa ambalo watu wengi hufanya kwenye njia hii ni kuacha nyasi zilizokatwa pale pale zioze. Hapo umekata lakini hujapunguza kitu. Kosa la pili ni kukata wakati wowote moyo unapotaka. Ninakata mwisho wa Julai au mapema Agosti, ninaziacha siku tatu nne zikauke na kudondosha mbegu, kisha ninazikusanya zote kwa reki, na mwezi wa Oktoba ninarudia tena kwa ufupi zaidi. Pembe moja ninaiacha bila kukatwa kila mwaka, kwa zamu, kwa ajili ya wadudu.

Kuna mahali nakwenda ninapokata tamaa. Chini ya Twyford Down, barabara kuu ya zamani iliyopita pembeni mwa Winchester iliondolewa katika miaka ya 1990 baada ya ile mpya kukatwa ndani ya mlima, na pale ilipokuwa lami pakarudishwa nyasi za chaki. Ule mkato mpya watu waliupinga kwa nguvu, na mimi nadhani walikuwa na haki, lakini ukitembea penye lami ya zamani mwezi wa Juni utaona jinsi ardhi inavyoweza kupona ikipewa muda.

MzeeKitalu alijibu:

MkataNyasi amenirekebisha kwa haki. Kwenye udongo wenye kina njia yake ndiyo inayofaa. Lakini huyu mwenzetu ana chaki kwa urefu wa kiganja na amemwaga samadi miaka miwili tu iliyopita, yaani chakula bado kiko juu juu pale pale ambapo sepeto hufika. Kukitoa kwa nyasi kutamchukua miaka mingi, na kukitoa kwa sepeto kutamchukua Jumamosi nne. Asibandue yote. Abandue mita za mraba 20 upande wenye jua kali zaidi, udongo autumie kujaza matuta ya mboga, maana mchicha na nyanya vitaipenda samadi ile ile inayoua maua, na sehemu iliyobaki aiendeshe kwa njia ya MkataNyasi.

Mwaka wa kwanza pale palipobanduliwa utakuwa na mashaka mengi. Mimea mingi ya kudumu hutumia mwaka huo kushusha mizizi, na juu utaona majani machache tu yaliyolala chini, huku magugu ya mwaka mmoja yakijidai. Kila yakifika sentimita 10 yakate yabaki 5 na uyaondoe. Usimwagilie, hata kama jirani anakuhurumia. Mwaka wa pili utaona Anthyllis na Leontodon, mwaka wa tatu Centaurea. Anthyllis yenyewe haiishi muda mrefu, mara nyingi hufa ikishachanua na kutoa mbegu, kwa hiyo kila vuli kwaruza viraka viwili vitatu vya ukubwa wa sinia ili chaki ionekane na mbegu zake zipate pa kuangukia. Wengi hulalamika kwamba ilikuwa nzuri miaka mitatu kisha ikatoweka, na sababu ni kwamba waliiacha ardhi ikajifunga.

MwanaMuheza aliandika:

Nimekubali. Nimeshapima mita za mraba 20 kwa kamba, na kwa hesabu ya Mzee nitahitaji gramu 80 za mchanganyiko wenye nyasi. Mbegu za Primula ziko kwenye trei nje, zile za kunde nitazisugua nusu. Mtaniwia radhi kwa maswali mawili ya mwisho. Sina mashine ya kugandamiza, je, nitumie nini? Na nitatofautishaje miche yangu na magugu?

BintiMbegu alijibu:

Kwenye kugandamiza, waite watoto wavae viatu bapa wakanyage kila mahali kwa zamu, siku ambayo udongo haushiki kwenye nyayo. Nusu saa ya kukimbizana inatosha kwa mita 20.

Kuhusu miche, usipalilie kwa mkono hadi Aprili, kwani kila mtu hung'oa kilicho chake mwaka wa kwanza. Njia bora ni kupanda chembe chache za kila aina kwenye vikopo vyenye majina, uviweke mlangoni, na uwe unalinganisha. Wa kwanza kujitambulisha kwa kawaida ni Sanguisorba minor. Majani yake ni madogo ya mviringo yenye meno kama msumeno, yamepangwa mawili mawili kwenye kikonyo, na ukiyafikicha utapata harufu ya tango. Ukiuona huo kabla ya baridi kali, mbegu zako zimeshika.